Kamera chini ya upenu: kabla hujatoboa, jua kwanza uso utapita wapi

Mwite fundi yeyote aje akufungie kamera nje ya nyumba, macho yake yatapanda moja kwa moja juu kwenye upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na hajakosea. Pale mvua haiipigi kamera usoni, jua la mchana haliichomi, mtu akitaka kuing'oa lazima atafute ngazi, alafu waya unaingia darini papo hapo bila kutambaa ukutani. Sababu nzuri zote hizo. Ila ukiziangalia vizuri utaona karibu zote ni za kuifanya kamera yenyewe iishi maisha marefu, hakuna hata moja inayohusu picha utakayoitafuta siku umeamka umekuta dirisha limevunjwa.

Na hilo ndo linaniumiza, maana watu wananionyesha video zao kwenye simu, kamera ni kali, rangi safi, majani ya mti unayahesabu, alafu mtu aliyeingia anaonekana kofia na mabega basi. Anapita, anainama, anaondoka, na mwenye nyumba hana cha kumpelekea polisi zaidi ya kofia nyeusi. Pesa imetoka, kazi imefanyika, swali la nani kaingia halijajibiwa.

Shida kubwa ni urefu. Hebu tupige hesabu kidogo, sio ngumu. Uso wa mtu mzima uko kama mita 1.6 kutoka chini. Kamera ikiwa mita 3, basi iko mita 1.4 juu ya uso, na mtu akiwa mita 4 mbele yake kamera inamwangalia kwa mteremko wa nyuzi 19 hivi, hapo macho, pua na mdomo vyote vinaonekana hata akivaa kofia ya kawaida. Sasa ipeleke kamera hiyohiyo kwenye upenu wa ghorofa, mita 6 juu, mtu yuleyule mita 4 ileile, mteremko unakuwa nyuzi 48 karibu. Hapo unaangalia utosi. Akiwa na kofia ya kapelo umemkosa kabisa, na hata ukinunua kamera yenye megapikseli mara mbili utaishia kuiona kapelo vizuri zaidi. Mimi nikipanga kamera ya kushika uso sipendi mteremko uzidi nyuzi 20 na kitu, ikifika 30 najua nimeshaanza kupoteza, kwaiyo urefu ninaoutaka ni mita 2.5 hadi 3, sio zaidi.

Na jambo la urefu sio geni hata kidogo. Mwaka 1966 kule Queens, New York, nesi mmoja anaitwa Marie Van Brittan Brown na mumewe Albert waliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumbani wenye kamera na televisheni, wakaipata Desemba 1969. Kwenye mchoro wao mlango una matundu manne ya kuchungulia kwa urefu tofauti, na kamera inateleza juu na chini kufuata tundu linalomfaa aliyesimama nje, mrefu au mfupi au mtoto. Yani mama yule tangu siku ya kwanza alijua kwamba kamera lazima iufuate uso ulipo. Sisi leo tuna kamera ndogo kuliko ngumi na tunazipandisha juu kabisa ya nyumba.

Kwaiyo kabla ya drili, zunguka nyumba yako kwa miguu. Usiangalie paa, angalia chini. Jiulize mtu akitaka kuingia humu analazimika kupita wapi: geti dogo, kona ya ukuta, ngazi za barazani, uchochoro wa kati ya nyumba na ukuta wa jirani, mlango wa jikoni. Sehemu zinazombana mtu ndo dhahabu yako, maana pale hana namna ya kupita mbali na kamera. Ukishazijua ndo unanyanyua kichwa unatafuta ni upenu gani ulio karibu na kila sehemu, na kama upenu uko juu mno, achana na ile dari ya nje, funga kamera ukutani chini ya upenu huohuo, kwenye mita 2.5 au 2.8. Bado iko chini ya kivuli cha paa, mvua ya kawaida haiifikii, na uso unaupata. Kuna pia mikono ya chuma au mabomba mafupi ya kuishusha kamera kutoka darini, ni sawa, ila yawe magumu, maana bomba likitikisika na upepo picha inatikisika nayo na kamera itakuamsha usiku kucha ikidhani kuna mtu anatembea.

Ile kamera ya juu kabisa sio kwamba haina kazi. Ina kazi ya kukuonyesha mtu ametokea upande gani, walikuwa wangapi, walikuja na gari au kwa miguu, wametoka na nini. Weka moja juu kwa ajili hiyo kama uwezo upo. Ila usiitegemee kwa uso, na kama una uwezo wa kamera moja tu basi iwe ya chini, karibu na mlango unaotumika zaidi.

Tuje kwenye lenzi, hapa watu wanadanganyika sana na neno "pana". Kamera nyingi za nyumbani zinakuja na lenzi ya milimita 2.8 ambayo inaona upana wa nyuzi 100 hivi, na kwenye skrini inapendeza, uwanja mzima unaingia. Lakini pikseli zako, zile nukta ndogo zinazounda picha, ni zilezile, ukizitandaza eneo kubwa kila mtu anapata chache. Kuna kiwango cha kimataifa cha mambo haya, IEC 62676-4, toleo lake la 2014 linasema kumtambua mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo, na kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu pikseli 125 zinatosha. Chukua kamera ya megapikseli 4, upana wa picha yake ni pikseli 2560, gawa kwa 250 unapata mita 10 na kidogo. Maana yake eneo unaloliona likizidi upana wa mita 10, uso wa mgeni umeshaanza kuwa ukungu. Kwa lenzi ya 2.8 upana huo unafikiwa mtu akiwa mita 4 na kidogo tu kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 4 inakufikisha mita 6 hivi, lenzi ya 6 inakaribia mita 11. Kwaiyo kama geti liko mita 10 kutoka kwenye upenu alafu umefunga 2.8, uso wa getini usiutegemee, hata mchana wa jua kali. Mimi ningefunga 2.8 kwenye baraza na mlango, na geti nilipe lenzi yake ya milimita 6, hata kama itaona geti peke yake na hakuna kingine. Kamera inayoona geti peke yake na kuliona vizuri ni kamera nzuri sana.

Mchana kuna kitu kimoja cha upenu ambacho watu hawakitegemei. Upenu ukiwa mrefu, chini yake kuna giza la kivuli na mbele kuna uwanja unaowaka jua. Kamera inaupima mwanga wa uwanja, inapunguza, na mtu akiingia barazani anakuwa kivuli cheusi chenye miguu. Dawa ya kwanza ni kuiinamisha kamera mpaka anga litoke kabisa kwenye picha, anga ndo adui mkubwa. Dawa ya pili ni kuwasha WDR kwenye mipangilio, ile inayounganisha picha ya mwanga mwingi na ya mwanga kidogo, na hakikisha ni WDR ya kweli ya sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, maana nyingine wanaiita dijitali na inachofanya ni kupausha picha tu. Na upande unaokabili mawio au machweo jua linashuka chini ya upenu, linaingia kwenye lenzi moja kwa moja, hapo paa halikusaidii chochote, geuza kamera pembeni kidogo au hamia kona nyingine.

Usiku sasa. Usiku ndo kamera ya upenu inapofaulu au kufeli, na ningependa watu wasome hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kamera nyingi zinaona gizani kwa taa za infraredi. Zile za nanomita 850 ukiziangalia unaona wekundu hafifu, zinafika mbali, na zile za nanomita 940 hazionekani kwa macho kabisa ila zinafika karibu zaidi. Zote mbili ni mwanga, na mwanga ukigonga kitu cheupe kilicho karibu unarudi. Sasa dari ya nje ya nyumba nyingi ni nyeupe, na kamera umeibandika hapohapo, sentimita chache kutoka kwenye dari, pembeni kuna ukuta umepakwa rangi nyeupe, mbele kuna gata inang'aa. Taa zinawaka, mwanga unagonga dari unarudi kwenye lenzi, picha inakuwa kama kuna ukungu wa maziwa, alafu kamera inajidai kuna mwanga mwingi inapunguza nguvu, na uwanja unaotaka kuuona unabaki giza tororo. Mtu anapiga simu anasema kamera mbovu. Kamera sio mbovu, inaangazia dari.

Kwaiyo kwenye picha usiache hata kipande cha dari wala gata. Sogeza kamera ije mbele karibu na ukingo wa upenu badala ya kuibana kwenye kona ya ukuta, na kama lazima ikae ndani, iinamishe zaidi. Kipande cha gata kikibaki juu ya picha mchana hukioni kama tatizo, usiku kinang'aa kama taa. Aina ya kamera nayo ina neno hapa. Zile za domu, zenye kifuniko cha plastiki cha mviringo, mwanga wa taa zake unaweza kujirudia ndani ya kifuniko chenyewe kikishika vumbi au umande, na mikwaruzo midogo ya kufutafuta inazidisha. Kwa chini ya upenu mimi napenda zaidi tareti, ile ya mpira unaozunguka ndani ya kikombe, haina kifuniko mbele ya lenzi, ukiielekeza umeelekeza, na haina mkonga mrefu wa kushikwa na mtu akaugeuza. Buleti, zile ndefu kama tochi, zinafaa kwa mbali na kivuli chake kidogo kinasaidia mvua ya upepo, ila ndege wanazipenda na buibui ndo kabisa.

Buibui jamani. Wadudu wanafuata mwanga, buibui anafuata wadudu, na upenu ni nyumba yake tangu zamani, hana upepo hana mvua. Uzi mmoja wa utando ukipita mbele ya lenzi usiku unang'aa kwa infraredi kama kamba nyeupe nene, unatikisika, kamera inapiga kengele, simu inalia, unaamka, hakuna mtu. Baada ya wiki moja ya hivo mwenye nyumba anazima arifa zote, na kuanzia hapo kamera inarekodi tu bila mtu kujali. Kinachosaidia kweli ni kutenganisha taa na lenzi: zima taa za infraredi za kamera yenyewe, funga taa ya infraredi ya pembeni mita moja au mbili mbali, utando ulio mbele ya lenzi hauangazwi tena kwa karibu na picha inasafika. Au weka taa ya kawaida ya nje inayowaka usiku kucha mbali kidogo na kamera, unapata hadi rangi ya nguo, na rangi ya nguo ni ushahidi mkubwa. Vinginevyo ni brashi laini kwenye mti mrefu, kila baada ya muda unapita unafagia, hakuna dawa ya kudumu.

Alafu kuna shata, ile inayoamua kamera ipokee mwanga kwa muda gani katika kila picha. Kamera gizani inajaribu kukusanya mwanga kwa kuacha shata wazi muda mrefu, na picha ya uwanja mtupu inaonekana nzuri mno, unafurahi. Mtu anatembea kama mita 1.4 kwa sekunde. Shata ikiwa 1 ya 12 ya sekunde, katika picha moja amesogea sentimita 11 au 12, uso wake umepakazwa kama rangi ya maji. Ukiiweka 1 ya 100 amesogea sentimita moja na kitu, uso umesimama. Picha itakuwa na giza zaidi na punjepunje, ikubali hivohivo au ongeza taa, lakini usiiache kamera ijichagulie yenyewe. Ndo maana nasema jaribio la kamera sio kuangalia picha ya uwanja, ni kumwomba mtu atembee usiku, kwa mwendo wa kawaida na mwendo wa haraka, kofia kichwani, kutoka getini hadi mlangoni, alafu unasimamisha video kwenye uso wake. Fanya hivyo kabla hujatoboa tundu lolote, kamera imeshikiliwa kwa mkanda au mtu kapanda ngazi kaishika. Ni usumbufu wa jioni moja na unaokoa matundu yasiyo na kazi darini.

Ukishajua mahali, kazi ya kufunga yenyewe haina maajabu ila ina hatari zake. Ya kwanza na nairudia kwa kila mtu: kama nyumba ni ya zamani na dari ya nje ni ya mbao ngumu za kijivu za saruji, usitoboe kabla hujahakikisha sio asbesto. Mbao za saruji ya asbesto zilitumika sana kwenye paa na dari za nje, na vumbi lake ukilivuta linaharibu mapafu kwa miaka mingi baadaye. Kama hujui, fungia ukutani, basi. Ya pili ni ngazi. Kila mita 4 za kupanda, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, mtu wa kushikilia awepo, na usiiegemeze kwenye gata maana gata haikutengenezwa kubeba mtu. Chungulia nyigu kwanza kabla ya kupeleka mkono, wanapenda palepale unapopataka wewe.

Dari za nje za PVC ni nyepesi, skrubu haishiki, leo kamera imekaa kesho imelegea na picha imeinama. Tafuta mbao za kenchi zilizo nyuma yake ukaze pale, au pitisha kipande cha ubao kwa ndani ya dari kamera ishikwe na ubao, sio na plastiki. Mbao ya kawaida toboa tundu dogo kwanza ndo skrubu iingie, isipasuke. Zege, tumia drili ya kugonga na vile vishikio vya plastiki. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni chini ya paa, maana unyevu upo na michirizi ya kutu kwenye dari nyeupe haitoki. Na kabla drili haijazama, jua nyuma kuna nini, waya za taa za nje zinapita mulemule.

Waya wa kamera siku hizi ni mmoja, wa mtandao, unabeba picha na umeme pamoja, ndo hiyo wanaita PoE. Kiwango cha kawaida, 802.3af, kinatoa hadi wati 15.4 kwenye swichi, yani kile kiboksi cha mtandao zinapochomekwa waya za kamera, na karibu 13 zinafika kwenye kamera, zinatosha kabisa kwa kamera ya kawaida isiyozunguka. Zile kubwa zinazozunguka na kuvuta karibu zinataka 802.3at, wati 30. Umbali ni mita 100 mwisho. Ila hayo yote ni kwa waya wa shaba tupu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, wameandika CCA kwa herufi ndogo, ni wa bei rahisi, na kwa kompyuta ya mezani jirani na ruta unaweza usione tofauti. Kwa kamera iliyo mbali ni majuto, alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, umeme unapungua njiani, mchana kamera inafanya kazi na usiku taa za infraredi zikiwaka tu inajizima, inawaka, inajizima. Watu wanabadilisha kamera mbili tatu kabla hawajaushuku waya. Kwarua ncha kwa kisu, ndani kukiwa kweupe umeshajua.

Ndani ya dari usiufunge waya huo pamoja na nyaya za umeme mkubwa, uache mbali, na zikipishana zipishane kwa msalaba. Panya wakiwepo, pitisha kwenye bomba. Maungio, yani kile kichwa cha RJ45 kinapokutana na mkia wa kamera, ndo sehemu inayokufa mapema kuliko zote, usiiache ikining'inia nje hata kama kuna paa juu. Iingie darini kabisa au kwenye boksi la maungio nyuma ya kamera, na kile kifuniko cha mpira kilichokuja kwenye kartoni kivalishwe, wengi wanakitupa. Kwa waya unaopita nje, kabla ya kuingia tunduni ufanye tumbo, ushuke chini kidogo ndo upande tena, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke pale chini badala ya kuufuata hadi ndani. Silikoni ziba juu na pembeni mwa boksi, chini acha wazi maji yakiingia yapate pa kutokea. IP66 na IP67 zilizoandikwa kwenye kamera, yani viwango vya kuzuia vumbi na maji, zinahusu mwili wa kamera, mkia wake hauna ahadi hiyo. Na acha akiba ya waya mita moja hivi juu ya dari, siku ukitaka kusogeza kamera utashukuru.

Za betri na wai-fai nazo zipo, kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa sawa, ila zinaamka kwa kihisi cha joto la mwili, na kihisi kile kinamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja. Kwaiyo usiielekeze kwenye njia inyoofu, iweke pembeni mtu akatize.

Upande wa kurekodi nitapita haraka. Kamera ya megapikseli 4 ikirekodi muda wote kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku, kamera nne ni 173, diski ya terabaiti 4 inakupa siku 23 hivi. Rekoda isikae sebuleni chini ya televisheni, anayeiba televisheni ataibeba pia. Saa yake iwe sahihi, ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, maana video yenye saa ya uongo inaleta maswali mahali ambapo huyataki. Na nywila ya kiwandani badilisha siku hiyohiyo ya kufunga. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na rekoda nyingi mno duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo kikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera zile hata hawakujua.

La majirani nalo liangaliwe kabla kamera haijakazwa. Kuna kesi iliyofika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutoka Jamhuri ya Cheki, mtu alifunga kamera chini ya upenu wa nyumba yake, haizunguki, ikawa inaona mlango wake, njia ya watembea kwa miguu na mlango wa nyumba ya mbele yake. Dirisha lake likavunjwa kwa manati na kamera ikasaidia kuwapata washukiwa. Hukumu ikatoka tarehe 11 Desemba 2014, kwamba kwa kuwa kamera inarekodi pia njia ya watu wote, haiwezi kuhesabiwa ni shughuli ya ndani ya nyumba tu, sheria za kulinda taarifa za watu zinaihusu, japo mahakama ilikubali kwamba mtu ana haki ya kulinda mali na familia yake na hilo lipimwe. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, ila hata kabla ya sheria, jirani ana haki ya kuingia kwake bila kurekodiwa na wewe. Nashukuru kwamba hesabu ya uso inakupeleka hukohuko: kamera iliyoshushwa mita 2.5 ikainamishwa mlangoni kwako haioni dirisha la mtu. Kikibaki kipande cha kwake, kizibe kwa ule mraba mweusi uliomo kwenye mipangilio, mwonyeshe jirani picha yenyewe kwenye simu, na maikrofoni zima, maana maongezi ya watu uani kwao hayakulindii dirisha lako.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza yenye upepo panda tena uangalie boksi la maungio kama kuna unyevu, kaza skrubu, futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, alafu usiku rudia kumtembeza mtu kutoka getini hadi mlangoni. Uso wake ukiusoma kwenye video bila kubahatisha, teremsha ngazi.